Australia Imemfukuza Mtoto, Mtego Imeuacha

Tangu Desemba 10, 2025, mtoto wa Australia aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti ya Instagram, TikTok, Snapchat, YouTube na mitandao mingine mikubwa. Kampuni ikizembea kumzuia, faini yaweza kufika dola milioni 49.5 za nchi hiyo. Denmark na Malaysia zimetangaza kwamba nazo zitaweka ukomo wa umri, na hapa kwetu wapo wazazi wanaoitamani sheria hiyo. Mimi naona imeshika mahali pasipouma.

Watetezi wake wana la kusema. Mzazi aliyechoka kugombania simu kila usiku sasa ana serikali nyuma yake, na mtoto hajioni ametengwa ikiwa wenzake nao hawana akaunti. Sawa.

Lakini kinachomuumiza kijana si tarehe yake ya kuzaliwa, ni namna mitandao hii ilivyoundwa. Gazeti lina ukurasa wa mwisho na hadithi ya bibi ina mwisho. Ukurasa wa simu hauna, tangu mbunifu Aza Raskin alipobuni mbinu hiyo ya ukurasa usioisha mwaka 2006, kazi ambayo baadaye alikiri kuijutia. Kuna hesabu ya waliopenda picha, inayompa binti alama za sura yake mbele ya darasa zima. Kisha kuna mfumo unaomchagulia cha kutazama. Huo haujui huzuni wala furaha, unajua tu kidole kilisita wapi. Kikisita kwenye huzuni, anaongezewa huzuni.

Mwaka 2022 mchunguzi wa vifo jijini London alihitimisha kwamba maudhui ya mtandaoni yalichangia kifo cha binti wa miaka 14 aliyekuwa na sonona. Katika miezi yake 6 ya mwisho, kati ya machapisho 16,300 ya Instagram aliyoyahifadhi, kuyapenda au kuyasambaza, 2,100 yalihusu sonona, kujidhuru au kujiua. Mengine hakuyatafuta. Aliletewa.

Na wenye mitandao walijua! Nyaraka za ndani za Facebook, mmiliki wa Instagram, alizozitoa mfanyakazi wake wa zamani Frances Haugen mwaka 2021 zilionyesha kwamba asilimia 32 ya wasichana waliwaambia watafiti wa kampuni kuwa wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia.

Sasa katika hayo yote, sheria hii imebadilisha nini? Mtambo ni uleule. Mtoto bado anaweza kutazama YouTube bila akaunti. Aliyetimiza miaka 16 jana, leo asubuhi anakabidhiwa ukurasa uleule usio na mwisho, na mfumo uleule unaomvizia kidole. Unga ukikutwa na sumu hatuandiki kwenye mfuko umri wa mlaji, tunauondoa dukani. Bunge lililothubutu kutoza milioni 49.5 kwa akaunti ya mtoto lingeweza kutoza kiasi hichohicho kwa video inayojianzisha yenyewe saa 7 usiku, kitandani kwa kijana wa miaka 17.