Kauli ya muuguzi nayo ni dawa



Leo baada ya ibada, wengi wetu hapa Mwenge tutapiga simu mikoani kuwajulia hali wazazi na ndugu. Ukimuuliza mama mbona hajaenda zahanati na kifua kinambana, huenda asitaje umbali wala nauli. Huenda akasema tu, "Mwanangu, wale wana maneno."

Serikali imejenga sana. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya wanaojifungua hufanya hivyo kwenye vituo vya huduma, kutoka asilimia 63 mwaka 2015/16. Tumshukuru Mungu. Lakini neno moja la matusi linatosha kumrudisha mjamzito nyumbani, na huko damu ikianza kumwagika hakuna wa kuizuia.

Mkoani Tanga, katika wilaya za Korogwe na Muheza, watafiti waliwauliza wanawake waliojifungua. Wakati wakiruhusiwa kutoka, karibu mmoja kati ya watano alisema alitukanwa, alipuuzwa au alidhalilishwa kwa namna nyingine. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, waliosema hivyo walizidi mmoja kati ya wanne. Ukiwa bado mikononi mwa mtu, unameza mengi.

Soma Marko sura ya tano. Mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga. Siku aliyomgusa Yesu, Bwana alikuwa na haraka ya kweli: binti wa Yairo alikuwa mahututi, na umati ulikuwa ukimsonga. Hata hivyo alisimama. Hakumkaripia kwa kupenya kwenye msongamano. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwita binti.

Wewe muuguzi, mkunga au tabibu unayesoma hapa, tunajua uko peke yako usiku, foleni haiishi, dawa zimekwisha na lawama zote zinakuangukia wewe. Bwana naye alisongwa. Kumwita mgonjwa "mama" au "binti yangu" hakuhitaji bajeti ya halmashauri. Umeimba kwaya leo. Kesho asubuhi dirishani, kauli yako ndiyo ibada yenyewe.

Nasi tunaokaa kwenye mabenchi tusijitoe. Huko Tanga, mradi uitwao Staha uliwakutanisha wanajamii na watumishi wakaandika pamoja mkataba wa huduma. Katika hospitali moja ya Korogwe yaliwekwa mapazia ili mama asichunguzwe mbele za watu, na wauguzi wa zamu wakaandaliwa chai kama shukrani. Udhalilishaji ulipungua sana. Tazama jinsi mambo madogo yalivyosaidia: pazia kwa mgonjwa, chai kwa anayemhudumia. Heshima ilikwenda pande zote mbili.

Basi akina mama wa jumuiya, mnapopeleka sabuni na uji wodini, piteni pia mezani kwa muuguzi, mumuulize ameamkaje. Nawe unayetuma fedha za matibabu kijijini, muulize mama alipokewaje. Kama alitukanwa, chai isiwe ya kununua ukimya: jambo hilo lifikishwe kwa mganga mfawidhi au kamati ya kituo, kwa upole na kwa ukweli. Kumtetea mgonjwa si kumchukia mtumishi.

Mungu awatie nguvu wanaohudumia wagonjwa vijijini, na ailainishe mioyo yetu sote. Nakutakia Jumapili njema. Amina.