Nyumba ndogo yangu ina milango miwili

Nyumba ndogo ni nini kila mtu anajua, sina haja ya kufundisha. Hela ya matumizi inapungua bila maelezo, mtu anachelewa kurudi kila Jumamosi, akiulizwa alikuwa wapi anasema "kwa fundi". Sasa hapa kwetu Kashai mambo yamekwenda kinyume. Mwenye nyumba ndogo ni mie mwanamke. Mume wangu anaijua, anaiona kila asubuhi imelala uani chini ya mparachichi, na kuna siku anaisukuma kwa mikono yake mwenyewe huku majirani wanatoa ushauri. Ni Toyota Celica ya mwaka 1997.

Kwa ambao hawajawahi kuliona, ni lile la taa nne za duara mbele, mbili kubwa mbili ndogo, limekaa chini kama paka anayevizia. Milango miwili mirefu, na vioo vyake havina fremu, ukifungua mlango kioo kinabaki kimesimama peke yake. Watoto wa Matopeni wamelibatiza jina, wanaliita Macho Manne. Nililinunua Mwanza mwaka 2018, kabla sijaolewa, kwa hela niliyoidunduliza miaka minne. Shosti zangu wakati huo walikuwa wananunua IST, gari la akili timamu. Mie nikasema hapana, IST nitapanda hata nikiwa bibi.

Ugonjwa huu nimeurithi. Marehemu baba alikuwa mtu wa redio na mtu wa Safari Rally. Mashindano yale yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na wazee wa rika la baba waliyahesabu kuwa ya kwetu sote, hata yalipokuja kubaki Kenya peke yake. Alikuwa akitusimulia jinsi Celica ilivyobeba ushindi kuanzia mwaka 1992 hadi 1995 mfululizo, na mwaka 1994 usukani ulikuwa mikononi mwa Mkenya, Ian Duncan. Hapo baba alikuwa anasimama. Kwa hiyo niliposikia kuna Celica inauzwa Mwanza, kwa kweli hata bei niliuliza kwa sababu ya heshima tu.

Lakini tusidanganyane. La kwangu ni ndugu wa mbali wa zile za mashindano. Halina tabo, linavuta kwa matairi ya mbele peke yake, na chini ya boneti kuna injini ya 3S, ileile iliyomo kwenye RAV4 za zamani na Ipsum za zamani. Sura ya mwanariadha, moyo wa mama wa familia. Nitarudi kwenye hilo, maana ndilo lililookoa ndoa.

Mateso sasa. Bukoba inapata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na gari la vioo visivyo na fremu linategemea lastiki za mlango kuzuia maji. Lastiki zenye umri wa karibu miaka 30 hazizuii kitu. Msimu wa masika nilikuwa naenda kazini na ndala, viatu vyangu nimevifunga kwenye mfuko wa plastiki, miguu inaogelea. Siku moja nilimpa lifti bosi wangu. Alishuka amekunja suruali kama mvuvi wa dagaa, akasema asante kwa upole sana, na tangu siku hiyo ana appointimenti kila ninapotoka ofisini.

Halafu lipo chini. Matuta ya Kashai hayakuchongwa kwa ajili ya gari la aina hii, na njia ya kuingia kwetu ikinyesha inageuka kuwa kama jina la mtaa. Naijua kila jiwe. Najua tuta lipi napita pembepembe na lipi nasimama, namshusha abiria, napita, namsubiri upande wa pili. Mume wangu wakati wa uchumba alifikiri ni utani. Mwanamume anashushwa garini, amevaa suti, anavuka tuta kwa miguu, anapanda tena!

Na spea? Hapa ndipo watu wengi hawaelewi, wanafikiri gari kuukuu la spoti linafia kwenye injini. Injini haisumbui, mafundi wa Bukoba wanaifungua macho yamefumbwa. Kinachokuua ni mwili: taa, lastiki, vioo, bampa. Toyota waliacha kutengeneza Celica mwaka 2006, na zilizobaki barabarani zinazidi kupungua. Bodaboda moja ilinigonga taa ndogo ya kulia pale Rwamishenye, ikakimbia. Miezi minne nilikuwa naishi na taa tatu, watoto wakabadilisha jina bila hata kunipa pole: Macho Matatu. Dar walisema hakuna. Mwisho ikapatikana Kampala, Kisekka, ikaja kwa basi imefungwa ndani ya blanketi la mtoto, na kwa bei yake, jamani, ningenunua blanketi mia.

Basi mwaka jana mwanzoni nikawa mjamzito.

Mume wangu si mtu wa kupiga kelele. Ni mtu wa mahesabu. Alikaa wiki nzima kimya, Jumapili jioni akaleta daftari mezani. Ameandika kila kitu: shokapu nne, bushi, rejeta, ile taa ya Kisekka, hadi soda za mafundi. Upande wa pili ameandika bei ya kiwanja tulichokuwa tunakitaka. Chini kabisa: mteja yupo, anatoa milioni 6 na nusu, na anaweza kuja Ijumaa. Akasema, "Mama, mimi sikulazimishi. Lakini mtoto anaingilia mlango gani?"

Mamamkwe naye alikuwa ameshasema yake, kule Kamachumu: "Waitu, mzazi anatoka hospitali na kichanga, anainama kuingia kwenye gari kama anaingia kwenye mtego?" Sikuwa na jibu. Ingawa nikumbushe kwamba ni mamamkwe huyohuyo ambaye Krismasi iliyotangulia alinipakilia mikungu minne ya ndizi. Nilifungua mlango wa nyuma, nikalaza viti, ikaingia yote na kuku wawili juu. Alizunguka gari mara mbili, akasema, "Kumbe lina tumbo." Kwa Mhaya hiyo ni sifa.

Nilichomjibu mume wangu Jumapili ile ndicho kilichonifanya niandike ukurasa huu. Sikulia, na wala sikumwambia hanipendi. Nilichukua kalamu nikafungua ukurasa mpya, nikaandika: Kaitaba. Kila mechi ya nyumbani ya Kagera Sugar, tiketi, jezi, na zile safari za Mwanza na Kahama kuifuata timu. Sikuandika kwa kisasi. Nilitaka tuone kwamba ndani ya nyumba yetu kila mtu ana kitu kisichomletea faida, na hajawahi kuombwa akitolee ushahidi. Yeye kitu chake kinacheza dakika 90. Changu kinavuja. Alisoma, akacheka kwa kujizuia, akasema timu ni ya mkoa mzima. Nikamwambia na Macho Manne ni ya mtaa mzima, waulize watoto.

Ijumaa mteja hakuja, alisogeza mpaka mwisho wa mwezi. Msimu ule wa 2024/25 ukaisha kwa Kagera Sugar kushuka daraja. Sikusema kitu. Kuna mambo mke mwenye busara anayapita kimyakimya kama msiba wa jirani.

Julai 2025 tulikuwa na safari ya Mwanza, harusi ya binamu yake. Yeye alitaka basi. Nikaomba liwe la mwisho, twende na Celica, kisha mteja aje. Ni zaidi ya kilomita 400: Muleba, Biharamulo, Geita, Sengerema, Busisi. Nilikuwa na miezi mitano, daktari karuhusu, mto nyuma ya mgongo.

Wasomaji, kama hujawahi kuendesha gari la aina hii kwenye lami nzuri saa kumi na mbili asubuhi, sijui nikuelezeeje. Unakaa karibu na barabara hata unajua imetengenezwa na nini. Usukani mzito kidogo, unajibu papo hapo. Kona za kuelekea Muleba zinapokuja, ziwa linaonekana linapotea, migomba pande zote, gari linakaa tu, haliyumbi. Ukiwa kwenye RAV4 kona ileile unaivumilia. Humu unaitamani nyingine. Na kuna kingine ambacho sikukitegemea. Viti viwili, hakuna mtu nyuma, redio ilikufa mwaka 2021. Mmekaa bega kwa bega mkitazama mbele. Mume wangu, ambaye mezani kwetu anazungumza kwa daftari, alianza kuniambia anaogopa. Kwamba baba yake alifariki wakati wanadaiwa kodi, na kiwanja kwake si udongo, ni usingizi. Miaka miwili ya ndoa na sikuwahi kulisikia hilo. Wala hakuwa ananitazama alipokuwa anasema, na nadhani ndiyo maana aliweza.

Karibu na Biharamulo gari likaanza kukohoa. Linakosa nguvu, linatetemeka, linapiga chafya kwenye eksozi. Nikalijua: waya za plagi. Tukajikokota hadi mjini, tukaegesha kivulini. Nilitaka kwenda mwenyewe dukani, akanizuia kwa sababu ya tumbo, akapanda bodaboda. Nusu saa baadaye kaja na boksi, uso unang'aa kama mtu aliyefunga goli. Duka la kwanza alisema ni za Celica, wakamtajia 60,000, tena mpaka ziagizwe. Akatoka, akaingia la pili, akasema ana RAV4 ya zamani. 25,000, zikatolewa rafuni papo hapo. "Hawa hawatakiwi kujua ni gari la spoti," akaniambia, akikunja mikono ya shati. Nikamwelekeza ipi inaingia wapi, akazibana moja moja. Likaunguruma vizuri. Alilipiga boneti kofi dogo, vile mtu anavyompiga ng'ombe wake mnadani.

Tukafika Busisi. Mwaka 2018 nilipokuwa nalileta nyumbani nilivuka na kivuko, na lile daraja la chuma la kupandia lilichubua bampa langu la mbele vibaya sana. Alama ipo mpaka leo. Safari hii daraja la J.P. Magufuli lilikuwa limefunguliwa mwezi mmoja tu kabla, Juni 2025, kilomita 3 za lami juu ya maji. Hakuna foleni, hakuna pa kukwangua. Katikati mume wangu akaniambia nipunguze mwendo. Nikadhani anaona kitu. Akasema, "Kurudi naendesha mimi."

Alirudi anaendesha yeye, na anaendesha kama mzee wa kanisa, lakini kona za Muleba nilimwona. Yule mtu alikuwa anatabasamu peke yake.

Mteja alipiga simu Jumatatu. Mume wangu akapokea, akatoka nje, akarudi akasema amemtajia milioni 9. Halina thamani hiyo, yeye anajua, mie najua, na mteja alikata simu. Jioni tukalifungua tena lile daftari na tukawekeana masharti, yameandikwa na yana saini. Macho Manne halili zaidi ya 100,000 kwa mwezi. Likizidi miezi mitatu mfululizo, linauzwa, na mie sitanuna. Mpira nao una kiwango chake, na ameshaapa ataifuata timu hukohuko daraja la chini. Kiwanja kinalipwa kwa awamu, kidogokidogo. Shosti mmoja ameniambia huo si mkataba wa mapenzi, ni wa benki. Namwelewa, bado hajaolewa.

Mara mbili tangu hapo gari limevuka kiwango. Mwezi wa tatu wa hatari ulikuwa Oktoba. Lastiki zilikuwa zimepatikana, mpya kabisa, kwa 140,000, na mume wangu ndiye aliyechomoa 40,000 mfukoni mwake, akasema iandikwe kwenye ukurasa wa mpira.

Kiti cha mtoto tulikuwa tumekinunua Mwanza, cha mtumba. Jumamosi moja kabla sijajifungua tukakijaribu. Kinaingia nyuma bila shida, ila cha abiria wa mbele inabidi kisogee mpaka magoti ya mume wangu yanagusa dashibodi. Alijaribu kukaa hivi, akajaribu vile. Mwisho akashuka, akajipenyeza nyuma, akakaa kando ya kile kiti kitupu, kichwa kimeinama kwa sababu ya paa, akajifunga mkanda, akasema twende tuone. Nikawasha. Halikuwaka. Nikawasha tena.