Mawese Yamejaa Dumu, Koroboi ya Nini?

Umeme ukikatika Ilagala usiku, kinachosakwa kwanza ni tochi ya simu. Simu ikizima, inasakwa koroboi: kopo la maziwa, kifuniko kilichotobolewa kwa msumari, utambi wa kanga kuukuu na mafuta ya taa ya kupimiwa dukani. Na hapo hapo, hatua tatu kutoka koroboi ilipo, kuna dumu la mawese limejaa.

Kata hii ya Wilaya ya Uvinza, karibu na Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, ni nchi ya michikichi. Mawese huliwa, huuzwa, hupikiwa sabuni. Kuyawasha, watu hawana habari.

Kigoma ilizoea giza. Miaka mingi mkoa uliishi kwa majenereta ya dizeli, hadi 2022 ulipoanza kuunganishwa na gridi ya Taifa. Mwaka uliofuata nchi nzima ikaingia kwenye mgao, uliokuja kupungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 235, kuanza kazi Februari 2024. Lakini nguzo ikilazwa na upepo wa masika, bwawa halisaidii kitu.

Hapo ndipo koroboi hurudi mezani, na haifai kurudi. Utafiti uliochapishwa 2012 uligundua kuwa asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayoungua kwenye taa za aina hii hugeuka masizi. Aliyeamka akapenga kamasi nyeusi hahitaji maabara kumwambia. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2014, lilishauri mafuta ya taa yasitumike majumbani. Na yakichakachuliwa kwa petroli, koroboi huweza kulipuka.

Mawese yana tabia nyingine. Ni mazito, hayapandi utambi mrefu. Ndiyo maana aliyewahi kuyatia kwenye koroboi aliambulia moshi, akakata tamaa. Yanataka utambi mfupi na chombo kifupi. Chukua kibakuli cha bati. Sokota waya mtupu wa shaba uwe kama chemchemi ndogo yenye kitako, upitishe uzi wa pamba katikati, ncha ichomoze juu ya mafuta kiasi cha punje ya mchele. Ikizidi hapo, inafuka. Waya huo si wa kushika uzi tu: unapeleka joto la moto chini kwenye mafuta, na usiku wa baridi, mawese yanapoganda, ndio unaoyalainisha. Yachujwe na kuchemshwa kwanza, maana yakibaki na maji yatapasukapasuka kama chumvi motoni.

Mshumaa wa mawese matupu usijaribiwe. Kwa joto la Kigoma utalegea kabla ya kuwashwa. Katika karne ya 19 kampuni ya Price's ya London ilinunua mawese ya Afrika Magharibi, lakini ilitenga kwanza sehemu yake ngumu kiwandani ndipo ikamimina mishumaa. Mingi ya madukani leo ni ya nta itokanayo na mafuta ghafi.

Taa hii haishindani na taa ya sola. Mwenye sola aanze na sola. Mtoto anayejiandaa kwa mtihani asiumizwe macho kwa moto wa kibakuli, na mvuvi wa dagaa hana la kufanya nayo ziwani. Ni ya usiku ule betri imekwisha na mgonjwa anataka kuona mlango. Walimu wa sayansi wangeweza kuifundisha kwa kipindi kimoja, kwa vifaa visivyozidi bei ya daftari.

Ikae mbali na pazia na chandarua, kama moto wowote. Lakini ikipinduliwa, mafuta yake hayadaki moto upesi kama ya taa, na mara nyingi huuzima utambi wenyewe. Kitakachobaki ni doa jekundu kwenye mkeka, na doa la mawese kila mama wa Ilagala analijua lilivyo gumu kutoka.