Kukumbuka si Kurudi: Kilatini cha Bibi Zetu wa Tabora

 

Leo tunazungumzia jambo ambalo huenda mkashangaa kulikuta hapa: misa ya Kilatini. Tunalileta kwa sababu linatugusa. Sisi tunaoandika ni wanawake wa Tabora tulioolewa Unguja. Tulibatizwa tukiwa wachanga, tukapata komunyo ya kwanza, tukaimba kwaya. Wengi wetu tumesilimu, na wengine waliacha kwenda misa miaka mingi kabla ya kumjua mume. Kanisani haturudi. Lakini siku hizi simu zetu zinatuletea video za vijana wa Ufaransa na Marekani wanaosali kama walivyosali bibi zetu. Padri ameelekea altare na mgongo wake uko kwa watu, sala ni za Kilatini, nyingine hata hazisikiki, na wasichana wamejifunika mitandio ya lesi. Tukiziangalia, moyo unashtuka. Tunataka kusema kwa nini, na kwa nini bi harusi aliyetoka nyumba kama zetu asionewe shaka kwa sababu hiyo.

Kwanza tuelezane hiyo misa yenyewe. Mpaka miaka ya 1960, Mkatoliki wa Tabora na Mkatoliki wa Roma walisikia misa kwa lugha moja. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati kuhusu ibada, ikafungua mlango kwa lugha za watu. Hati hiyo haikukifuta Kilatini, ilitaka kiendelee kutunzwa. Lakini mlango ukishafunguliwa watu hupita. Papa Paulo wa Sita akaleta utaratibu mpya wa misa mwaka 1969, na kwetu Kiswahili kikashika nafasi, ngoma na kayamba zikaingia kwenye kwaya. Misa tuliyokulia sisi ndiyo hiyo.

Waliokataa mabadiliko hawakukosekana. Maarufu kuliko wote alikuwa Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, Mfaransa aliyewahi kuwa askofu mkuu wa Dakar. Watu wa Unguja wanaijua nyumba aliyotoka pengine bila kujua. Kuanzia 1962 hadi 1968 alikuwa mkuu wa Shirika la Roho Mtakatifu, lile lile lililojenga Minara Miwili hapa Mji Mkongwe na misheni ya Bagamoyo. Mwaka 1970 alianzisha shirika lake la kuishikilia misa ya zamani, na mwaka 1988 akatengwa na Kanisa kwa kuwaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa. Shirika hilo lipo mpaka leo, na Nairobi lina kituo. Papa Benedikto wa Kumi na Sita aliilegezea misa ya zamani mwaka 2007. Papa Fransisko akaibana tena mwaka 2021. Mei 2025 makardinali walimchagua Papa Leo wa Kumi na Nne, na aliyekuwamo kwenye uchaguzi huo ni Askofu Mkuu wa Tabora yetu, Kardinali Protase Rugambwa. Papa amebadilika, na mvutano juu ya misa hiyo haujesha.

Sasa turudi nyumbani. Kilatini kilifika Tabora kwa miguu. Mwaka 1878 mapadre waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, tunaowaita Mapadre Weupe, walishuka Unguja, wakavuka Bagamoyo, wakaajiri wapagazi na kuifuata njia ile ile ya pembe na watumwa: Mpwapwa, Ugogo, mpaka Unyanyembe, ndiyo Tabora. Kutoka hapo wengine walielekea Ujiji, wengine Uganda. Walivaa kanzu nyeupe kwa mtindo wa Waarabu wa Algeria, na shingoni walining'iniza rozari kama tasbihi. Tabora waliwakuta Waislamu wa pwani na wa Omani waliokwisha kujenga matembe na kupanda miembe. Kwa hiyo Kiarabu cha sala na Kilatini cha misa vilipita njia moja, na mara nyingi vilisafiri pamoja na mizigo iliyobebwa na mabega ya watu wa kabila moja, Wanyamwezi, babu zetu.

Lavigerie aliwaagiza watu wake wajifunze upesi lugha za wenyeji, na akataka mtu afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Mafundisho hayo hayakuwa ya Kilatini. Katekista alifundisha kwa Kinyamwezi na Kiswahili, neno kwa neno, mpaka mama wa kijijini ajue anachokiamini. Baadaye Kipalapala, nje kidogo ya mji, seminari iliwafundisha Kilatini vijana waliotaka upadre, na mtambo wa uchapaji wa huko huko ukawatolea watu vitabu vya dini vya Kiswahili.

Bibi zetu waliishi katikati ya lugha hizo. Padri akisoma chake altareni, wao walivuta rozari kwa lugha yao. Walijua wakati wa kupiga magoti kwa kusikia kengele. Walipotakiwa kuimba kwa Kilatini waliimba walichokikariri, wakakivunja kidogo kikakaa vizuri kwenye mdomo wa Mnyamwezi. Sisi tuliozaliwa baadaye hatukuiona misa hiyo. Tulibakiwa na vipande: Tantum Ergo kwenye Baraka ya Sakramenti Kuu, na nyimbo alizozivuma bibi akichambua karanga au akimbembeleza mjukuu. Ndiyo maana tukisikia Kilatini leo hatuisikii Roma. Tunamsikia bibi.

Hilo ndilo tunaloomba lieleweke. Mtu anaweza kuwa ameiacha dini ya wazee wake kwa hiari yake, na bado sauti ya dini hiyo ikamtoa machozi, kwa sababu sauti hiyo imebeba watu. Kukumbuka si kurudi.

Kuna na jambo jingine linalotuvuta kwenye video hizo, nalo ni la kike. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka mwanamke afunike kichwa kanisani. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikulirudia sharti hilo. Bibi zetu walijitanda khanga kwenda misa, mama zetu wakaacha kidogo kidogo, na tulipokua sisi ilikuwa jambo la kawaida kuingia na nywele zilizosukwa vizuri ili zionekane. Leo msichana wa Chicago ananunua mtandio kwa hiari yake, wakati mwingine mama yake mwenyewe akimshangaa. Dada Muislamu akitazama atasema haoni kipya: kichwa kimefunikwa, watu na imamu wao wameelekea upande mmoja, na lugha ya ibada ni moja kwa wote. Wamo kati yetu waliovutwa na Uislamu kwa mambo kama hayo hayo. Kwa hiyo kiu ya vijana hawa tunaielewa. Wamechoka na ibada inayofanana na mkutano, wanataka mahali pa kunyamaza.

Hatusemi vitu hivyo ni kimoja. Kwa Muislamu Qur-ani ni ile iliyoteremshwa kwa Kiarabu, na tafsiri inabaki kuwa tafsiri. Kilatini hakina nafasi hiyo kwa Wakristo. Injili ziliandikwa kwa Kigiriki, na hata Wakristo wa mwanzo wa Roma walisali kwa Kigiriki. Kilatini kiliingia kwenye misa kwa sababu ndicho watu wa kawaida wa Roma walichokisema sokoni na majumbani. Kiliingia ili waelewe, kama kilivyoingia Kiswahili Tabora miaka mia kumi na sita baadaye. Anayekifanya kuwa lugha ya mbinguni amesahau kilikotoka.

Na hapa ndipo tunapoachana na baadhi ya wanaokirudisha. Wapo wanaotaka utulivu tu, hao hatuna neno nao. Lakini wapo wanaoamini kwamba ukiirudisha lugha umezirudisha na zama zenyewe: baba anaheshimiwa, watoto wanatii, dunia imepangika. Zama hazirudi kwa kubadilisha lugha ya sala. Na zama hizo kwetu hazikuwa tamu kwa kila mtu. Ilikuwa enzi ya Mjerumani, kisha ya Mwingereza, na mwanamke wa Kinyamwezi hakuna aliyemuuliza anataka kusali kwa lugha gani. Kiswahili kilipopanda altareni, katika nyumba zetu yupo bibi aliyenung'unika kwamba misa imepoteza uzito, na yupo aliyefurahi kwamba hatimaye anajua padri anaomba nini kwa niaba yake. Wote wawili walikuwa na haki yao. Anayetuonyesha leo yule aliyenung'unika peke yake hatuelezi habari za bibi zetu.

Kwa kifupi, wanaodhani kukumbuka lazima kuwe kurudi wako pande mbili. Kule Ulaya na Marekani ni wale wanaotaka kuirudisha jana yote. Huku kwetu ni baadhi ya wakwe na mawifi, ambao wakimwona bi harusi amenyamaza anaposikia wimbo wa kanisani, huanza kunong'ona kwamba moyo wake haujasilimu.

Dada zetu, hili la pili linaumiza watu. Tunawajua wanawake wanaozima simu mama akipiga siku ya Krismasi, wasisikike wakicheka naye. Tunamjua aliyefiwa na bibi yake Tabora akakaa Unguja mpaka siku ya arubaini, kwa kuogopa maneno ya watu kuhusu misa ya mazishi. Hakuna aliyemkataza kwa mdomo. Alijikataza mwenyewe, kwa kuwa kila alipomtaja bibi sura za watu zilibadilika.

Mama mkwe, wifi, tunakuambieni kwa heshima: dini mnayoilinda haikuwaagizeni hivyo. Sura ya Luqman, aya ya 15, inazungumzia wazazi wanaomshurutisha mtoto wao amshirikishe Mungu. Inamwambia asiwatii katika hilo, na papo hapo inamwambia akae nao kwa wema hapa duniani. Bibi Asma, binti wa Abubakar Swiddiq, alitembelewa na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina. Alimuuliza Mtume (SAW) kama aunge naye undugu, na akajibiwa aunge. Ikiwa mama yule alistahili kuungwa, mama wa Kikatoliki wa Tabora aliyemlea mkeo wa nyumba mpaka mkampenda anastahili salamu, zawadi ya Krismasi isiyofichwa, na kuuguzwa anapougua.

Na wewe bi harusi mtarajiwa uliyetoka nyumba kama zetu, usingoje msiba ndipo mzungumze. Kabla ya ndoa kaa na mwenzako, au mtume somo wako aulize, mambo matatu. Nikifiwa kwetu, nitakwenda na nitakaa siku ngapi? Watoto watamtembelea lini bibi yao wa Tabora, na akisali mbele yao tutawaambia nini? Na mimi nikiwa na huzuni ya kwetu, nitakuwa na ruhusa ya kuisema? Mipaka ya kisheria, kwa mfano ukae wapi na ufanye nini mazishini, muulizeni sheikh mnayemwamini, mjue hukumu kwa elimu, msiikisie kwa hofu. Mume anayekuoa anaoa na njia uliyopita, na njia yetu ni ndefu: reli haikufika Tabora mpaka 1912, kabla ya hapo kila kilichokuja kilikuja kwa nyayo za mtu.

Jambo la mwisho, na hili ni letu sote. Wamisionari wale walijua kwamba sauti nzuri haitoshi, wakaweka miaka minne ya mafundisho kwa lugha ya mwenye kusikia. Sisi tuliosilimu ukubwani tunaijua thamani ya hilo, maana tulianza na Kiarabu tusichokielewa, na utamu wake ulikuwa kweli. Lakini imani yetu ilishika mizizi siku tuliyoanza kufundishwa maana kwa Kiswahili, aya kwa aya. Basi msimlazimishe bi harusi aliyesilimu juzi asahau nyimbo za bibi yake ndipo mumwamini. Mfundisheni. Akielewa anachokisema kwenye sala yake, hamtakuwa na haja ya kuogopa anachokikumbuka.

Mola atuunganishe na wazazi wetu kwa wema, waliopo na waliotangulia, na azijaalie ndoa zenu utulivu. Amin.