Net Ikikatika, Usibonyeze "Lipa" Tena

Umeweka PIN, kiduara kinazunguka weee, kisha skrini inaandika: muunganisho umekatika. Wengi hubonyeza "Lipa" tena papo hapo. Sisi tunasema ngoja kwanza.

Malipo ya mtandaoni yana safari mbili: ombi huenda kwenye seva, jibu hurudi. Net ikipotea wakati wa kwenda, pesa haijatoka. Ikipotea wakati wa kurudi, huenda pesa ishatoka, ila kifaa chako hakijui. Kwenye skrini, hali hizo mbili zinafanana kabisa. Kwa hivyo angalia SMS, salio au taarifa ya akaunti kabla ya kurudia.

Lakini tusimtwike mteja mzigo wote. Kwa maoni yetu, mzigo mkubwa ni wa mwenye duka la mtandaoni na fundi aliyemtengenezea tovuti.

Mafundi wengi wa Python hutumia maktaba ya Requests. Ni nzuri: kipindi chake hushikilia muunganisho uliokwisha kufunguliwa na kuutumia tena, hivyo kila ombi halianzi upya kutafuta seva. Ila kuna mambo mawili ambayo fundi lazima aamue mwenyewe.

La kwanza ni kikomo cha kusubiri. Asipokiweka, maktaba hiyo inaweza kungoja jibu bila mwisho. Mteja akiona ukurasa umeganda, atabonyeza tena.

La pili ni kurudia. Kanuni za HTTP zinaruhusu ombi la GET, la kusoma habari tu, lirudiwe lenyewe. POST, ambalo kwa kawaida ndilo hubeba malipo, halifai kurudiwa hivyo bila uhakika kwamba ni salama. Kila oda ipewe namba yake, na namba hiyo isibadilike ombi likirudiwa, ili seva iliyoundwa kuikagua itambue kuwa ni malipo yaleyale. Kabla ya kurudia, mfumo uulize kwanza: yale ya awali yalipita?

Mtu atasema wateja wana haraka. Sawa, lakini shilingi 1,500 zikikatwa mara mbili, hiyo ni stoki ya mama mboga imekwama.

Leo muulize fundi wako: "Jibu lisipofika, mfumo wetu hufanya nini?" Akisema "hujaribu tena tu", mwambie arekebishe kabla mteja mwingine hajalipa.