Kiti cha Mbunge ni cha Nani?

Ndugu msomaji, tuseme umepiga kura. Mtu uliyemtaka ameshinda. Anakwenda kwenye kikao chake cha kwanza. Huko wenzake wanakataa asikae nao. Anarudishwa nyumbani. Je, utanyamaza?

Jambo hilo lilitokea Marekani mwaka 1966. Mtu aliyekataliwa aliitwa Julian Bond.

Nchi ya Marekani ina majimbo 50. Kila jimbo lina serikali yake na bunge lake. Bunge la jimbo hutunga sheria za jimbo hilo, kama zile za shule, barabara na kodi. Sheria za nchi nzima hutungwa na bunge kuu lililoko Washington.

Bond alizaliwa tarehe 14 Januari, 1940, katika mji wa Nashville. Baba yake alikuwa mkuu wa chuo. Wakati ule watu weusi wa kusini mwa Marekani walibaguliwa sana. Walizuiwa kupiga kura kwa hila nyingi. Hila moja ilikuwa mtihani wa kusoma na kuandika. Aliyeambiwa ameshindwa alinyimwa kura. Mwaka 1965 sheria mpya ilikomesha mitihani hiyo katika majimbo mengi ya kusini.

Bond alikuwa mmoja wa vijana walioanzisha umoja wa wanafunzi wa kupinga ubaguzi mwaka 1960. Mwaka 1965 aligombea ubunge wa jimbo la Georgia, katika mji wa Atlanta. Alipita nyumba kwa nyumba akiwasikiliza watu. Akashinda.

Wakati huo Marekani ilikuwa ikipigana vita huko Vietnam. Vijana walichukuliwa jeshini kwa lazima. Januari 1966 umoja wa akina Bond ulitoa tamko la kupinga vita hivyo. Bond akasema anakubaliana nalo.

Wabunge wenzake walikasirika. Tarehe 10 Januari, 1966, kabla hajaapishwa, walipiga kura juu yake. Wabunge 184 walimkataa. Waliomtaka walikuwa 12 tu.

Angalia vizuri, ndugu msomaji. Hawakusema ameiba. Hawakusema amepata kura kwa hila. Walichukia maneno yake. Walisema mtu wa namna hiyo hawezi kuapa kwa moyo wa kweli kwamba atailinda katiba.

Nani alipata hasara? Si Bond peke yake. Watu waliomchagua walibaki bila msemaji. Mambo ya shule zao na kodi zao yaliamuliwa wao wakiwa nje.

Lakini watu hao hawakukata tamaa. Uchaguzi uliporudiwa, walimchagua tena. Akakataliwa tena. Mwezi wa Novemba, 1966, wakamchagua mara ya tatu.

Bond naye alikwenda mahakamani. Katika mahakama ya kwanza alishindwa: majaji wawili walimkatalia, mmoja alimkubalia. Akakata rufani mpaka mahakama iliyo juu kuliko zote nchini. Tarehe 5 Desemba, 1966, majaji wote 9 walikuwa na kauli moja. Walisema wabunge hawana haki ya kuupima moyo wa mwenzao, wala kumnyima kiti kwa sababu ya mawazo yake.

Januari 1967 Bond aliapishwa. Alikaa katika bunge la Georgia miaka 20, kwanza katika Baraza la Wawakilishi, kisha katika Seneti. Mwaka 1986 aligombea kwenda bunge kuu, akashindwa na rafiki yake John Lewis. Safari hii walioamua ni wapiga kura wenyewe. Bond alifariki tarehe 15 Agosti, 2015, akiwa na miaka 75.

Ndugu msomaji, kiti cha mwakilishi ni cha wale waliomtuma. Wao ndio wanaompa, na wao ndio wanaomnyang'anya siku ya kura.

Jadilianeni: Je, mwakilishi wenu akisema jambo wasilolipenda wenzake, nani mwenye haki ya kumhukumu?