Kioo Kimepasuka, Kishikwambi Hakijafa

Wanachuo wenzangu, tuanze na jambo ambalo kila mtu analijua ila halisemwi. Chini ya godoro, ndani ya tranka au juu ya kabati, wengi wetu tuna kishikwambi chenye kioo kilichopasuka. Betri nzima, chaji inaingia, notisi za mwaka wa kwanza bado zimo ndani. Lakini kwa kuwa kioo kimejichora utando wa buibui, tumeshakizika. Tunasubiri bumu liingie, na bumu likiingia lina wenyewe: mama ntilie, kutoa kopi, nauli ya kwenda nyumbani. Kifaa kinabaki palepale mpaka tunahitimu.

Mimi nasema hivi: kifunguliwe. Tena kifunguliwe na mwenye nacho, nyumbani, mezani. Na kwa sisi tunaosomea ualimu nakwenda mbali zaidi: kujua kubadilisha kioo cha kishikwambi ni sehemu ya kazi tunayoiendea, kama vile kujua kuandaa azimio la kazi.

Kwanza tuelewe kilichopasuka ni nini. Tukisema "skrini" tunadhani ni kitu kimoja. Kwenye vishikwambi vingi vya bei ya chini ni vitu viwili vilivyokaa kimoja juu ya kingine. Juu kuna kioo cha kugusa, ambacho mafundi wanakiita tachi. Chini yake kuna LCD, inayotoa picha. Ukiwasha ukaona picha safi, rangi ziko sawa, ila kioo kina nyufa au kidole hakisikiki, iliyokufa ni tachi peke yake. Ukiona doa jeusi kama wino uliomwagika, au mistari ya rangi iliyosimama, basi LCD nayo imeumia. Asiyeijua tofauti hii analipia vyote viwili.

Changu kilianguka kutoka kwenye dawati mwaka jana, nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Picha ilikuwa safi kabisa. Fundi niliyemwendea akataka shilingi 95,000, kwa sababu yeye hubadilisha vyote kwa pamoja. Simlaumu, ndivyo anavyofanya kazi yake. Lakini tachi peke yake niliipata Kariakoo kwa shilingi 25,000. Na niliipata kwa sababu nilikuwa na namba iliyochapwa kwenye utepe mwembamba unaounganisha tachi na bodi. Vishikwambi viwili vinaweza kufanana kwa nje kama mapacha, tachi zake zisiingiliane. Namba hiyo huwezi kuiona mpaka ufungue. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba asiyefungua hana hata swali la kumuuliza muuza duka.

Kazi tuliifanya nyumbani wakati wa likizo, mimi na mdogo wangu, juu ya meza ya chakula. Draya ya nywele tuliazima saluni ya jirani. Kadi ya benki iliyokwisha muda wake ikawa ya kubandulia. Bisibisi ndogo ya nyota, kibano cha nyusi, kitambaa laini, spiriti kidogo na gundi wanayotumia mafundi simu. Mama akapita, akaiangalia meza yake, akauliza: "Mwanangu, kwani siku hizi mnasomea ualimu au ufundi?" Nikamjibu, "Vyote viwili, mama." Akacheka akaendelea na shughuli zake, lakini swali lake halikuniacha.

Hatua zenyewe si siri ya mtu. Zima kifaa kabisa. Bandika selotepu pana juu ya kioo chote kilichopasuka ili vipande visiruke, na vaa miwani yoyote uliyonayo kulinda macho. Fungua mfuniko wa nyuma kwa kadi ya plastiki, taratibu, pembeni kwa pembeni. Kitu cha kwanza ndani ni kuchomoa plagi ya betri. Kama waya wa betri umechomewa moja kwa moja kwenye bodi, ishia hapo, hiyo ni kazi ya fundi. Baada ya betri, inua kifungio kidogo kinachobana utepe wa tachi, kisha uvute utepe utoke wenyewe, usiulazimishe.

Sasa geuza, upashe kingo za kioo kwa draya mpaka ziwe za moto kiasi ambacho kidole bado kinavumilia. Gundi ikilainika, ingiza kadi kwenye ukingo, milimita mbili tatu tu, kwa maana LCD iko chini yake na haipendi kuchokonolewa. Zunguka polepole. Kioo kikitoka, safisha gundi ya zamani kwa spiriti, futa vumbi lote. Halafu hatua ambayo mwenye haraka huiruka: unganisha tachi mpya, rudisha betri, washa, jaribu kugusa kila kona ya kioo kabla hujapaka gundi. Ikikubali, zima, chomoa betri tena, bandua karatasi ya kukinga vumbi, paka gundi, bandika, rudisha betri, funga mfuniko. Weka vitabu viwili vitatu juu yake, ulale. Asubuhi kiko tayari.

Ilituchukua mchana mmoja, ukiondoa usiku wa kusubiri gundi. Kishikwambi hicho ndicho ninachoandikia makala haya.

Mtu atasema, sawa, umeokoa elfu sabini yako, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu ya tunakokwenda. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu. Ni jambo jema. Lakini kifaa kinachoshikwa kila siku, kwenye vumbi la chaki na madawati yenye miguu mitatu, siku moja kitaanguka. Nani atakitengeneza? Wengi wetu tutapangiwa shule ambazo basi hupita mara moja kwa siku. Hakuna Kariakoo huko. Fundi wa karibu yuko makao makuu ya wilaya, na nauli ya kwenda na kurudi inaweza kukaribia bei ya tachi. Mwisho wake tunaujua: kifaa kinafungiwa kwenye kabati la mwalimu mkuu, na mwalimu anarudi kwenye kitabu kimoja kinachogombaniwa na wanafunzi wanne.

Kuna jambo la pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, ambamo mwanafunzi anasoma ujuzi wa kutumia mikono pamoja na masomo ya jumla. Sisi tunaomaliza chuo sasa ndio tutakaosimama kwenye shule hizo. Hata kama somo lako ni Historia au Kiswahili, mtoto atakuuliza kuhusu kitu kilichoharibika mbele yake. Mwalimu anayekishika kifaa kwa woga anafundisha woga. Mwanafunzi akimwona mwalimu wake anachukua bisibisi, anafungua, anaeleza hiki ni nini na kile ni nini, amepata somo la fizikia, la subira na la kujiamini kwa pamoja.

Na tuseme ukweli mchungu kidogo. Kijitabu cha Mwalimu Nyerere cha mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea, tunakitaja kwenye kila asaimenti. Utangulizi, kiini, hitimisho, hakikosekani. Halafu tachi ikipasuka tunapiga simu nyumbani kuomba hela. Kujitegemea kumekuwa jibu la mtihani. Sidhani kama Mwalimu alikuwa na hilo kichwani.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuza. Ya kwanza ni kwamba tunawanyang'anya mafundi riziki. Mimi naona kinyume. Anayejua tachi ni nini anamheshimu fundi zaidi, kwa sababu anajua ugumu unaanzia wapi. Kuchomea bodi, kubadilisha soketi ya chaji, kutenganisha kioo kilichogandishwa na LCD kama kwenye vishikwambi vingi vya bei kubwa, hizo bado ni kazi za fundi na malipo yake ni halali. Tunachokiondoa ni kulipia tusichokijua.

Ya pili ni hatari. Kweli ipo. Betri za vifaa hivi ni za lithiamu. Ikitobolewa au ikikunjwa inaweza kuwaka moto, na moto wake hauna mzaha. Kama betri imevimba, usiguse, usichaji, peleka kwa mtu anayejua. Kama kifaa bado kina waranti, itumie kwanza. Kama ni iPad yenye kitufe kinachosoma alama ya kidole, kitufe hicho kimeoanishwa na bodi yake, kwa hiyo lazima ukihamishe kwenye kioo kipya, vinginevyo alama ya kidole haitasomeka. Haya yote yanajifunzika. Tovuti ya iFixit, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2003, inatoa bure maelekezo ya picha, hatua kwa hatua, kwa vifaa vingi. Hatari ya kweli ni ya kufungua bila kusoma.

Ya tatu ndiyo ngumu zaidi: kishikwambi cha shule ni mali ya umma. Mwalimu akikifungua kisha kikaharibika zaidi, atajieleza kwa nani? Hoja hii naikubali, na ndiyo maana sisemi mwalimu aende kinyemela na bisibisi. Nasema utaratibu uwepo. Shule iwe na daftari la ukarabati, mwalimu mkuu aidhinishe, na anayefungua awe amefundishwa na ajulikane. Tukiacha hofu ya kujieleza itutawale, vifaa vitakufa kwa ufa wa nywele huku kila mtu akiwa na mikono misafi.

Tusidhani pia kwamba hili ni la kwetu tu kwa kuwa hatuna hela. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, una kanuni zinazowabana watengenezaji wa simu na vishikwambi vinavyouzwa huko: vipuri muhimu, skrini ikiwemo, viendelee kupatikana kwa miaka 7 baada ya toleo husika kuacha kuuzwa. Wenye hela wamechoka kutupa. Na wanayo sababu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu taka za kielektroniki inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika hata robo. Kila kifaa kinachotengenezwa ni kimoja kisichoingia kwenye rundo hilo.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu, na hakuna linalosubiri wafadhili.

Kwanza, serikali yetu ya wanafunzi itenge Jumamosi moja kila mwezi iwe siku ya ukarabati. Meza nne, bisibisi, draya mbili, na fundi mmoja wa mtaani anayelipwa posho atufundishe badala ya kututengenezea. Anayekuja na kifaa chake anakifungua mwenyewe, fundi anasimamia. Gharama yake haiwezi kuzidi ile ya spika na hema tunazokodi kwa usiku mmoja wa kukaribisha mwaka wa kwanza.

Pili, kozi yetu ya teknolojia katika elimu iongezewe mazoezi ya saa mbili tu ya kufungua na kufunga kifaa. Tunatumia muhula mzima kujifunza kutengeneza slaidi. Slaidi itaonyeshwa na nini kama kifaa chenyewe kimelala kabatini?

Tatu, wanaogawa vifaa mashuleni wagawe na vipuri. Kila kundi la vishikwambi liende na tachi kadhaa za akiba za toleo hilohilo, pamoja na karatasi moja ya maelekezo kwa Kiswahili. Karatasi hiyo tunaweza kuiandika sisi wenyewe, tena iwe mradi wa mwaka wa tatu, badala ya zile tafiti tunazofunga kwa mkanda mweusi na hakuna anayezisoma tena.

Wenzetu wa uhandisi watatucheka kwamba tunashangilia kubandika kioo. Wacheke, kisha waje Jumamosi hiyo watusaidie. Sisi wa ualimu tutakuwa wengi, na tutatawanyika kila wilaya ya nchi hii. Kama kila mmoja wetu ataondoka hapa anajua jambo hili moja dogo, yale makabati ya walimu wakuu yataanza kufunguka.

Kwa hiyo, ukimaliza kusoma, inua godoro. Kitoe, kiwashe, angalia kama picha ni safi. Ikiwa safi, unajua sasa kilichokufa ni kipi.